Resini ya taa kwenye kadi za harusi: chupa nitainunua tena, taa yake hapana

Wateja wangu hawataki tena ribani. Zamani kidogo ukiifunga kadi ya mwaliko kwa utepe wa satini, ukabandika nusu lulu tatu pembeni, mama wa bi harusi anakutolea salio palepale bila maneno. Siku hizi wanakuja na simu mkononi. Pichani herufi za maharusi zinaelea ndani ya kitu kinachofanana na kioo, petali imelala chini yake, chembe za dhahabu zimetawanyika. "Dada, nataka hivi hivi, kadi 150, ila bei usiniumize."

Kitu hicho ni resini, na kwa mapambo madogo ya kadi tunatumia zaidi ile inayoganda kwa mwanga. Mafundi kucha wana jeli yao ya ukoo huohuo; sisi wa kadi tunaiita resini ya taa. Nimenunua seti yake Kariakoo, nimeifanyia kazi msimu mzima wa harusi na kadi za Idi juu, kwa hiyo ninachosema hapa si cha kusoma kwenye boksi.

Boksi lenyewe halina jina la kampuni unaloweza kulishika, maandishi karibu yote ni ya Kichina. Ndani kuna chupa nyeusi ya gramu 100, taa ndogo ya kukunja inayochomekwa kwenye chaja ya simu, kalibu nne za silikoni, vipakiti vya glita na karatasi ya dhahabu bandia iliyochanwachanwa. Nilitajiwa 45,000, nikatoka na 38,000. Chupa peke yake inauzwa 25,000. Duka ni la vifaa vya kucha na saluni, ghorofani, hatua chache kutoka Mtaa wa Kongo. Usiende kuulizia resini kwenye maduka ya stesheni, watakupa gundi na kukuapia kwamba ndiyo hiyohiyo.

Muuzaji alinifurahisha. Nilipomwuliza kama kweli inaganda, hakuanza kuhutubia. Alidondosha tone kwenye kipande cha plastiki, akatoka nalo barazani, akaliweka juani. "Subiri kidogo tu, dada yangu, hapa huhitaji hata umeme." Tulipomaliza kuvutana bei ya kalibu, tone lilikuwa gumu, kucha haiingii. Kaka yule alijipunguzia mauzo ya taa bila kujua, maana tangu hapo nimeitumia taa ile kwa nadra sana.

Na afadhali. Taa ya seti ni dhaifu. Boksi linadai sekunde 60. Tone lenye unene wa milimita 3 mimi nalipatia dakika nne, kisha naligeuza lipate mwanga na mgongoni, na bado katikati unaweza kukuta pananata. Resini hii ina kemikali inayoamshwa na mwanga wa urujuanimno, ule wa nanomita 365 hadi 405, na taa yenye balbu sita ndogo inaumwaga mwanga katikati ikasahau kingo. Fundi kucha jirani yangu ana mashine ya wati 48 ambayo vidole vyote vitano vinaingia. Kwake sahani ya matone inamaliza mapema na kingo zinaganda sawasawa. Tukikubaliana muda ambao hana wateja, napeleka kazi kwake.

Lakini jua la Dar es Salaam ndilo linalobeba kazi. Kwenye kipimo cha kimataifa cha mionzi hiyo, 11 kwenda juu ndiyo daraja la mwisho kwa ukali, na hapa kwetu karibu na ikweta saa sita mchana tunaigusa mara nyingi tu. Natandaza matone kwenye sinia, nalifunika kwa mfuniko ang'avu wa boksi la keki ili vumbi, upepo na kunguru wasije kunitia hasara, na baada ya dakika kumi hadi robo saa naondoa. Mawingu yakitanda muda unaongezeka, ila kazi haisimami. Umeme ukikatika huna habari. Kinachotakiwa ni kuikumbuka chupa: ukiiacha wazi barazani wakati unapanga sinia, resini ya mdomoni inaganda na kifuniko hakifunguki tena. Mimi chupa inakaa ndani, kabatini, na ninamimina kwenye kifuniko cha soda kiasi cha kazi ya mara moja.

Sasa kalibu. Hapa nitasema ukali kidogo: hazikutengenezwa na mtu aliyewahi kuona bahasha. Moyo una kina cha milimita 6, waridi linakaribia 8. Ni vitu vya vishikizo vya funguo. Kadi yangu ya kawaida ni A5 iliyokunjwa ikawa A6, inaingia kwenye bahasha ya C6, yaani milimita 114 kwa 162, na nafasi iliyobaki ndani ni ndogo. Pambo la milimita 3 bahasha inafunga vizuri. Likifika 4 gundi ya mdomo inaanza kuvuta. Likifika 6 bahasha imekuwa mjamzito, na mtu wa kamati anayezibeba zikiwa hamsini kwenye boksi la viatu atakuta kila pambo limechora shimo kwenye kadi ya jirani yake. Nimejiwekea milimita 2 kwa pambo la juu ya kadi, naweka karatasi laini katikati ya kadi na kadi, na nusu ya rundo nalipanga kichwa chini miguu juu ili mapambo yasikae mnara mmoja.

(Kadi za mchango usizihangaikie. Ile inahitaji jina la aliyeandikiwa, tarehe ya mwisho na namba ya mhazini. Ukiitia resini mtu ataona harusi ina pesa tayari.)

Ndiyo maana sasa natengeneza bila kalibu kabisa, na ufundi wote wa chupa hii nimeuona hapo. Nunua kava za mbele za baindingi, zile karatasi ngumu za plastiki ang'avu wanazoweka juu ya ripoti. Zinakuja A4, mia kwa pakiti, na stesheni nyingi watakuuzia hata kumi. Chagua za mikroni 200, yaani milimita 0.2. Nyembamba zaidi ya hapo zinajikunja. Juu yake unaandika herufi kwa kalamu ya wino usiofutika, unaiacha ikauke sana, kisha unakata umbo lako: duara la sentimita 2, jani, hilali kwa kadi ya Idi. Umbo unalibandika juu ya selotepu iliyolala chali, upande wa gundi ukikutazama, na ncha za selotepu umezishika mezani. Hili la selotepu si la hiari. Resini inapoganda inasinyaa kidogo na kutoa joto, na plastiki isiyoshikwa inajipinda kingo zikaangalia juu.

Dondosha resini katikati, halafu ivute kwa kijiti cha meno hadi pembezoni kabisa, pale plastiki inapokatika. Utashangaa: haimwagiki. Inasimama ukingoni, inatuna taratibu, na pambo linapata mgongo wa mviringo kama tone la umande. Ukiongeza kwa pupa inavuka, na ikishavuka hairudi. Viputo vinapanda vyenyewe ukisubiri dakika mbili gizani, vilivyobaki vipitishie mwali wa kiberiti cha gesi kwa mbali, mpito mmoja, usisimame. Kisha sinia juani.

Wino nao una tabia zake. Ukitia ndani kipande kilichochapwa, machapisho ya mashine ya leza yanavumilia. Ya mashine ya wino wa maji yanaweza kuchuja rangi ndani ya resini, herufi ya "S" ikaota ndevu. Kalamu nyingine za kudumu nazo huyeyuka, kwa hiyo jaribu kwenye kipande cha pembeni kabla ya kuandika majina ya watu. Glita ya kwenye seti ni nzito, inazama chini yote. Karatasi ya dhahabu bandia inaelea vizuri zaidi, chukua vipande vitatu au vinne, usizidishe. Rangi nzito isiyopitisha mwanga inazuia mwanga usifike chini, unabaki na pambo gumu juu na uji ndani. Uzuri wa kitu hiki ni kuona karatasi ya kadi ikipenya kwa nyuma, basi kwa nini uizibe?

Maua ndiyo yamenipa sifa mtaani. Petali za bogenvilia, zile za ukutani zinazodondoka bure, zina wembamba wa karatasi tangu mtini. Zikandamize ndani ya kitabu kizito hadi zikauke kabisa, zinabaki na rangi yake na haziongezi unene. Asumini ni masikitiko. Kila bibi harusi wa pwani anaomba asumini, na mimi namwambia ukweli: ua lenye maji ndani ya resini linageuka kahawia, na hata likikaushwa weupe wake unakwenda. Shangazi mmoja wa Kitanga alinibishia. "Mwanangu, harusi bila asumini ni harusi ya wapi?" Nikamwambia, "Shikamoo shangazi, asumini tumvishe bi harusi mwenyewe, kwenye kadi tuweke bogenvilia." Alicheka, akakubali. Karafuu inaonekana vizuri na harufu yake ya mwanzo inapendeza ukiwa unafanya kazi, ila ni nene. Inafaa kwa kadi inayopelekwa mkononi kwenye boksi.

Vipande vya kitenge na kanga vinawezekana. Vizibe kwanza kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa, pande zote mbili, vikauke. Bila hivyo nguo inainywa resini, rangi inazama na kuwa kama nguo iliyoloa.

Tabia hiyohiyo ya kunywewa ndiyo tatizo kubwa la resini hii kwenye kadi, na boksi halisemi neno. Ukidondosha moja kwa moja juu ya karatasi ngumu ya gramu 300 kwa mita ya mraba, kabla mwanga haujaishika inapenya na kuacha doa la mafuta, alama ya sambusa kwenye gazeti. Doa halitoki. Pia pambo lililokwisha ganda huwezi kulibandika kwa gundi nyeupe ukategemea lishike: chini yake hakuna hewa ya kuikausha, na ikikauka unaiona, imejikunyata kama utando. Njia ninayoipenda ni dirisha. Nakata tundu kwenye uso wa kadi, dogo kwa milimita 2 au 3 kila upande kuliko pambo, pambo nalishika kwa nyuma kwenye kingo kwa selotepu nyembamba ya pande mbili, halafu naweka karatasi ya ndani yenye tundu kama lile kuficha kingo. Ukiinua kadi, mwanga unapita. Hapo herufi zinaelea kweli, kama kwenye ile picha ya simu. Kwa kadi ya Idi nilikata hilali tupu, resini yenye tone dogo sana la rangi ya kijani, na nyuma yake kadi ya krimu. Watu waliishika kuelekea dirishani kabla ya kusoma imetoka kwa nani.

Tuje kwenye hela, maana mama bi harusi alishasema tusimuumize. Tone la duara la sentimita 2 lililotuna milimita 3 lina uzito wa nusu gramu hivi. Chupa ya gramu 100 kwa 25,000 ni shilingi 250 kwa gramu, hivyo tone ni 125. Weka kinachobaki kwenye kifuniko cha soda, kwenye vijiti, na matone yaliyovuka ukingo, piga hesabu ya 200. Kadi 150 ni 30,000, yaani chupa moja na kidogo ya pili; ukiwa makini na upotevu, chupa moja inatosha. Kava ya baindingi moja inatoa maduara mengi, hiyo gharama ni ndogo mno. Kinachokula ni muda: kukata, kuvuta resini kwa kijiti, kupanga sinia. Mimi naongeza 800 kwa kadi yenye pambo hili, na dirisha nalo naongeza 500. Anayelalamika namwonyesha kadi ya ribani.

Wengine wananiuliza kwa nini nisitumie epoksi ya chupa mbili, ile wanayomwagia meza za mbao. Ukipiga kwa gramu ni nafuu, na haijali rangi nzito wala kina. Lakini lazima upime sehemu zake sawasawa kama chupa inavyoelekeza, ukoroge dakika kadhaa ukikwangua kuta, na usubiri saa 24 kutoa kwenye kalibu na hadi siku tatu kuwa ngumu kweli. Wakati wa masika unyevu unaipa utando wa ukungu juu au inabaki ikinata. Kwa kadi ya mteja aliyekuja Jumatano akitaka Ijumaa, hapana. Gundi ya bunduki inatoka na weupe wa maziwa na nyuzi za buibui. Hiyo waachie watoto wa shule. Plastiki ya kusinyaa ndiyo mshindani wa haki. Ni polistaireni, ile yenye namba 6 ndani ya pembetatu. Ukiitia oveni yenye nyuzi 160 hivi inarudi kwenye theluthi moja ya upana na inanenepa mara tisa. Biashara yake ilianzia Wisconsin, Marekani, mwaka 1973, kama mchezo wa watoto, na hadi leo herufi zake zinatoka kali kuliko resini. Shida yangu ni oveni. Kwenye jiko la mkaa huwezi kushika nyuzi 160, na kava ya baindingi usijaribu kuiweka humo hata kidogo: nyingi ni plastiki ya PVC, zikiungua zinatoa moshi wenye asidi.

Kuhusu afya sitaki mzaha. Resini mbichi ina kemikali ziitwazo akrilati, na ngozi inaweza kuizoea vibaya: leo hakuna kitu, baada ya miezi vidole vinawasha na kupasuka, na mzio huo ukishaingia hautoki. Mafundi kucha wanaujua. Vaa glavu za naitrili, za mpira wa kawaida resini huzipenya. Fanya kazi penye hewa, watoto wakae mbali, macho yasikodolee taa. Ikikugusa, osha kwa sabuni na maji. Spiriti ibaki kwa kufuta meza na ule mnato wa juu ya pambo, ambao unatokana na hewa kuizuia resini ya usoni isigande na wala haumaanishi chupa ni mbovu. Mabaki usimwage kwenye sinki. Yaache juani yagande, kisha tupa.

Na inageuka manjano. Nina kadi ya sampuli iliyokaa kwenye dirisha la mashariki tangu nianze, na pambo lake limechukua rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa. Ile ya kabatini iko vilevile. Kwa kadi ya mwaliko hilo si kitu, harusi itakuwa imepita na mtoto amezaliwa. Kwa kadi ambayo mtu ataiweka kwenye fremu ukutani, mwambie mapema.

Kwa hiyo seti nzima ya 38,000 simshauri mtu wa kadi. Chukua chupa peke yake, na karatasi ya dhahabu inauzwa peke yake palepale kwa wale wa kucha. Kabla ya kulipa tikisa chupa sikioni: ikitembea kwa uzito wa asali ni nzima, ukikuta vipande kama jeli mdomoni imeshapigwa mwanga dukani, rudisha. Omba tone la majaribio barazani. Muuzaji akikataa, duka la pili liko ngazi hiyohiyo. Mimi nikienda tena nabeba chupa mbili, na kava za baindingi nazipitia stesheni ya chini wakati narudi kituoni.